"Nairobi imekata pesa": dawa zikikosekana zahanati, tumuulize nani?

*"Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama huku Jomvu. Tangu mwaka jana huduma zimeshuka sana. Zahanati tunaandikiwa karatasi tukanunue dawa nje, na mama akienda kujifungua anaambiwa aje na glavu zake. Lori la taka lilikuwa likija kila wiki, siku hizi mwezi unaweza kupita hatulioni. Mhamasishaji wa afya wa mtaa wetu naye analia kwamba nusu ya posho yake haiji. Tukimuuliza mheshimiwa wa wadi, anasema Nairobi imekata pesa za kaunti. Tukimuuliza chifu, anasema serikali kuu imeshatuma kila kitu. Mkweli ni nani? Kikundi kina akiba kidogo. Wengine wanataka tukodi mkokoteni wa taka na tununue dawa za zahanati, wengine wanataka tuandamane, na mmoja anasema twende mahakamani. Na kwani pesa zote hizi za bandari huenda wapi?"*

Dada yangu, pole kwa hayo, na pole zaidi kwa huyo mama anayebeba glavu kwenye mkoba akienda kujifungua. Ukitoa hasira, ambayo ni haki yenu, umeuliza mambo matatu: je, pesa zimekatwa kweli, zimekatiwa wapi, na akiba yenu muifanyie nini. Nikuambie mapema kwamba mwakilishi wadi, ambaye ni wa kaunti, na chifu, ambaye ni wa serikali kuu, wanaweza wote wawili kuwa wakweli. Pesa ya kaunti ina mapito kadhaa kabla haijageuka dawa kwenye rafu, na inaweza kukwama katika pito lolote. Kila mmoja wao anakueleza pito ambalo si lake.

La bandari nilimalize kwanza, maana Mombasa nzima huuliza. Ushuru wa forodha hukusanywa na KRA, mamlaka ya kodi ya taifa, na kuingia katika mfuko wa taifa. Ada za kupakua na kuhifadhi mizigo ni za Halmashauri ya Bandari, ambayo ni shirika la serikali kuu. Kontena likitoka Kipevu kwenda Malaba halimwachii gavana shilingi ya ushuru huo. Kaunti hupata mgao wake kutoka Nairobi kwa fomyula ileile inayotumika kwa kaunti zote 47, kisha huongeza inachokusanya yenyewe: kodi ya ardhi, leseni za biashara, ada za kuegesha magari, ada za masoko na mengineyo. Unaweza kuona si haki, na wapo wengi Pwani wanaoona hivyo, lakini huo ni mjadala wa kikatiba. Hautawaletea lori la taka mwaka huu.

Sasa hilo la Nairobi kukata. Katikati ya 2024 kaunti zote kwa pamoja zilikuwa zimetengewa shilingi bilioni 400.1. Mswada wa Fedha ukaondolewa baada ya yale maandamano ya Juni, Hazina ya Taifa ikataka mgao ushuke hadi bilioni 380, Seneti ikakataa, na baada ya mvutano mrefu wakakubaliana bilioni 387.4. Kwa hiyo ndiyo, kulikuwa na kukata. Lakini mwaka uliotangulia kaunti zilitengewa bilioni 385.4, na mwaka wa fedha wa 2025/26 zikatengewa bilioni 415. Kilichokatwa 2024 ni nyongeza iliyokuwa imeahidiwa. Mgao wenyewe haukushuka chini ya ule wa mwaka uliopita. Anayekuambia kaunti ilipokea pungufu kuliko zamani kwa sababu ya kukatwa huko anatia chumvi.

Hata hivyo, msimcheke sana mheshimiwa. Mgao uliopanda kidogo hivyo hauwezi kununua vilevile mwaka mzima. Mishahara ya wahudumu ilipanda, bei za dawa zilipanda, na makato ya kisheria ambayo mwajiri huchangia kwa kila mfanyakazi, kama yale ya nyumba, yaliongezeka. Juu ya hayo pesa huchelewa. Kutengewa ni jambo moja, kutumiwa ni jingine. Ipo miezi ambayo kaunti husubiri mgao wake hadi miezi miwili au mitatu, na chifu anaposema "zimetumwa" huenda anazungumzia pesa za Machi zilizofika Juni. Zikifika wakati huo hulipa madeni ya Machi. Dawa za Machi hazinunuliki tena, na waliozihitaji wameshanunua dukani au wamekosa.

Kuna kukata kwingine ambako hakuna anayekutangaza. Kaunti nyingi hujiandikia lengo kubwa la mapato yao ya ndani ili vitabu vya bajeti visawazike. Mwaka ukiisha, makusanyo hayakufika. Hilo limo katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti mwaka baada ya mwaka, na Mombasa, ambayo hukusanya vizuri ikilinganishwa na kaunti nyingine nyingi, nayo imewahi kukosa malengo yake. Huduma zilizopangiwa pesa ambazo hazikukusanywa zimekatwa, hata kama gavana hakutia saini popote. Binafsi hili hunikera kuliko la Nairobi, kwa sababu lingeweza kuepukwa kwa kuandika lengo la kweli tangu mwanzo.

Hapa nakuomba unisome polepole, maana ndipo penye jibu la swali lako. Pesa ikipungua haipungui sawasawa kila mahali. Tuseme idara ina shilingi milioni 100. Kati ya hizo, milioni 70 ni mishahara, na milioni 30 ndizo za kazi yenyewe: dawa, glavu, dizeli, matairi, karatasi, kurekebisha bomba. Idara ikiambiwa ipunguze milioni 10, itazitoa wapi? Mishahara haiguswi, kwani kuna mikataba, kuna vyama vya wafanyakazi, na mgomo mmoja tu hufunga hospitali nzima. Basi milioni 10 zote zinatoka kwenye zile 30. Kwenye kitabu cha bajeti hiyo ni asilimia 10. Kwenye zahanati ni thuluthi. Ndiyo maana unamkuta muuguzi yupo, amekaa kwenye kiti chake, anakupokea vizuri, anakupima, halafu anakuandikia karatasi ukanunue nje. Watu humkasirikia yeye. Yeye analipwa, alichonyang'anywa ni vitu vya kufanyia kazi.

Lori la taka ni hivyohivyo. Jaa la kaunti lililo kubwa liko Mwakirunge, huko Kisauni. Lori likitoka upande wenu hadi huko na kurudi ni dizeli nyingi, na barabara mbovu hula matairi. Dizeli ikipunguzwa thuluthi, lori halipunguzi thuluthi ya safari kwa kila mtaa. Litaendelea kupita katikati ya mji, panapoonekana na wageni na penye hoteli na maofisi, na kuruka mitaa ya mbali isiyopiga kelele. Sisemi kuna mtu alikaa akaamua Jomvu iachwe. Mara nyingi ni dereva na msimamizi wake wanaogawa lita walizopewa asubuhi hiyo.

Dawa nazo zina safari yao. Muuguzi msimamizi hujaza fomu ya mahitaji kila robo mwaka, fomu hupita kwa mfamasia wa kaunti ndogo, kaunti hukusanya maagizo ya vituo vyote na kuagiza kutoka KEMSA, shirika la serikali kuu la kusambaza dawa. Kaunti ikiwa na deni KEMSA, agizo jipya hukwama au huja nusu. Kwa hiyo swali la "kwa nini hakuna dawa" lina majibu mawili yaliyo tofauti kabisa: hazikuagizwa, au ziliagizwa hazikuletwa. Muulize muuguzi hilo kwa upole, pembeni, si mbele ya foleni. Mara nyingi ana nakala ya fomu.

Tena kuna mfereji wa pili wa pesa ambao wengi hawaujui. Tangu Sheria ya 2023 ya ufadhili wa vituo vya afya, pesa ambazo kituo hukusanya zinatakiwa kubaki kituoni na kutumika hapo, badala ya kumezwa na akaunti kuu ya kaunti. Na tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, matibabu katika zahanati na vituo vidogo vya afya hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa mtu aliyesajiliwa, yeye halipi kitu. Malipo hayo huenda kwa kituo kulingana na watu kinaowahudumia. Mtaa ambao watu wake hawakujisajili unaiponza zahanati yake wenyewe. Hilo kikundi chenu mnaweza kulifanya bila kuomba ruhusa ya mtu: piteni nyumba kwa nyumba na simu, sajilini wazee na wale mabinti wenye watoto wachanga. Kisha ulizeni kamati ya kituo kama malipo yameingia, maana kuchelewa kwa SHA nako ni malalamiko ya nchi nzima.

Kuhusu mhamasishaji wenu wa afya: hapo umenipa ushahidi bila kujua. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu hutoa 2,500 na kaunti hutoa 2,500. Ikiwa nusu moja inakuja na nyingine haiji, mwombeni awaonyeshe ujumbe wa simu wa malipo. Jina la mtumaji litawaambia ni nani anayelipa na nani anayedaiwa. Hamhitaji mheshimiwa wala chifu kuwaamulia.

Sasa namna ya kupata ukweli wa yaliyobaki. Katiba, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, haikulazimishi ueleze unazitakia nini, na ombi lenyewe halilipiwi, isipokuwa labda gharama ya kutoa nakala. Afisa ana siku 21 za kujibu. Andikeni barua fupi kwa afisa mkuu wa idara ya afya ya kaunti, na nyingine kama hiyo kwa idara ya mazingira. Msiweke historia ya mtaa wala lawama. Kitu kama hiki kinatosha:

*"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba, tunaomba kujua, kwa mwaka huu wa fedha: kiasi kilichoidhinishwa kwenye bajeti kwa ajili ya dawa na vifaa vya zahanati na vituo vya afya vya Jomvu, kiasi kilichobaki baada ya bajeti ya ziada, kama ilipitishwa, na kiasi kilichotumika hadi mwisho wa robo iliyopita."*

Pelekeni kwa mkono nakala mbili, moja wapige muhuri wa kupokea mrudi nayo. Bila muhuri, barua haikuwahi kufika.

Tarakimu hizo tatu zikija, zitawaelekeza mlango. Ikiwa ya kwanza ni kubwa na ya pili ni ndogo, pesa ilikatwa Mombasa, na wawakilishi wadi wenyewe waliipigia kura. Bajeti ya ziada hupita katikati ya mwaka, mara nyingi haraka na bila vikao vya wananchi vyenye maana, na humo ndimo pesa ya dizeli hugeuka kuwa kitu kingine. Hapo mheshimiwa aulizwe alipiga kura gani. Ikiwa ya kwanza na ya pili ni sawa lakini ya tatu ni ndogo, basi pesa haikutoka: ama Nairobi ilichelewa, ama kodi haikukusanywa, ama zilitangulizwa kulipa madeni ya wanakandarasi. Hilo ni la waziri wa fedha wa kaunti. Na ikiwa ya tatu inaonyesha zimetumika zote huku rafu ni tupu, hapo hatuzungumzii tena kupunguzwa kwa matumizi. Kusanyeni karatasi zenu mwende ofisi ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, hapa Mombasa. Msianze kwa kutaja majina ya watu kwenye kundi la WhatsApp, mtashtakiwa nyinyi.

Barua isipojibiwa ndani ya siku hizo, ofisi ya Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, ndiyo inayopokea malalamiko ya kunyimwa habari, na ina tawi Mombasa. Hawatozi kitu. Nendeni na ile nakala yenye muhuri.

Njoo kwenye mapendekezo ya wenzako. Mkokoteni wa taka nauunga mkono, kwa masharti. Taka zikilala mwezi mzima karibu na nyumba, mvua ya masika ikija, mitaro huziba na maji machafu huingia ndani, na watoto hawawezi kusubiri siku 21. Lakini kubalianeni na msimamizi wa wadi kwa maandishi ni wapi mkokoteni utamwaga, la sivyo mtalipa pesa zenu kuhamisha taka hadi kwenye mikoko ya jirani, na mtakaoshtakiwa ni nyinyi. Weka daftari la mlicholipa. Siku ya kutoa maoni ya bajeti, daftari la kina mama waliolipa taka miezi mitano lina uzito kuliko hotuba.

Dawa msinunue. Najua nia ni njema. Dawa inataka kuhifadhiwa ipasavyo, kujulikana ilikotoka na kuandikwa kwenye rejista, na vidonge vya mfukoni vikimdhuru mtoto, kikundi ndicho kitakachotafutwa. Kama mnataka kusaidia, toeni glavu, sabuni au pamba kupitia kamati ya kituo, mpewe risiti, na muuguzi asipunguze agizo lake la robo inayofuata kwa sababu yenu. Msaada usioandikwa huficha pengo, na pengo lililofichwa halipangiwi bajeti.

Maandamano ni haki yenu chini ya Kifungu cha 37, mradi ni ya amani na bila silaha. Sheria inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, ajulishwe kwa maandishi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Mimi ningeyaweka akiba. Mkiandamana leo mtapiga kelele "tunataka dawa", na mheshimiwa atapanda kwenye gari awaambie Nairobi imekata, mpige makofi mrudi nyumbani. Mkiandamana mkiwa na tarakimu tatu kwenye bango, atakosa pa kutokea.

Mahakama nayo haina mzaha. Kuna hoja nzuri ambayo wengi hawaijui: Kifungu cha 20 kinasema serikali ikidai haina uwezo wa kutimiza haki kama ya afya, ni juu yake kuthibitisha kwamba pesa hazipo. Si juu yako kuthibitisha kwamba zipo. Na kesi ya haki za msingi haitozwi ada ya kuifungua. Lakini kesi huchukua miaka, wakili hata wa kujitolea ana gharama zake, na majaji husita kumwambia gavana agawe vipi fedha zake. Kwa taka njia ni fupi kidogo, kwani Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kuamuru kero iondolewe. Kabla ya yote hayo lipo ombi rasmi kwa bunge la kaunti, ambalo mwananchi yeyote anaweza kuliwasilisha kwa karani. Kamati inalazimika kulishughulikia, na mheshimiwa wenu anaweza kulisimamia. Mpeni nafasi hiyo. Huenda akafurahi kupata kitu cha kusema tofauti na Nairobi.

Kuna kalenda ambayo ningetaka mwenyekiti wenu aibandike ukutani. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Watu wengi huenda kwenye vikao vya bajeti mwezi Mei, makadirio yakiwa yameshafika bungeni tangu 30 Aprili, wakaomba zahanati iongezewe, wakaandikwa majina, wakapewa soda. Kwa wakati huo kila idara imeshawekewa kikomo chake. Kikomo huwekwa kwenye waraka wa mkakati wa fedha, ambao lazima ufike bungeni kabla ya 28 Februari kuisha. Ukitaka afya ipate zaidi na kitu kingine kipate pungufu, sema mwezi Januari, kwa maandishi, na useme hicho kingine ni kipi. Kuomba nyongeza bila kusema itoke wapi ni rahisi, na maafisa wamezoea kuiweka kando. Tangazo la kuita maoni huwa dogo, hutoka gazetini na kwenye tovuti ya kaunti, basi mteueni binti mmoja mwenye bando awe analitazama kila wiki kuanzia baada ya Krismasi.

Mwisho, yapo mambo ambayo hayangoji barua wala muhuri. Mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa kikali au kuona maluweluwe, mtoto mwenye degedege au anayeharisha hadi macho yamezama: msikae kwenye foleni ya zahanati isiyo na dawa. Nendeni moja kwa moja Port Reitz au Hospitali Kuu ya Pwani, hata ikibidi kwa tuktuk. Mkiona watu wa nyumba kadhaa wanaharisha kwa pamoja, hasa penye taka na maji yaliyotuama, mwiteni afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo siku hiyohiyo. Na kabla hamjapeleka ile barua, mtafuteni ana kwa ana mtu anayeelewa vitabu vya bajeti, mwalimu wa biashara au mhasibu aliyestaafu, hamkosi mmoja mtaani, akae na nyinyi saa moja mkiwa na bajeti ya kaunti iliyochapishwa. Kurasa ni nyingi lakini za zahanati si nyingi. Mwanzie kwenye matumizi ya kawaida ya idara ya afya, mtafute mstari wa dawa, mwekeeni kidole hapo.